Mafundo Matatu Ndani ya Kikapu

Kila baada ya siku mbili msukaji aliichaji simu ya mama yake. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, namba tano imefutika kwa kubonyezwa, mgongo wake umeshikwa na raba ya kufungia mafungu ya mboga. Mama yake alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Simu ilikaa juu ya kabati la vyombo, imewashwa, sauti imepandishwa mpaka mwisho, na tangu mazishi hakuna mtu aliyeipiga. Ziliingia jumbe za kampuni tu, za kumpongeza marehemu kwa kuwa mteja mwaminifu.

"Mama, hiyo simu unamchajia nani?" binti yake alimuuliza siku moja, akifunga viatu vya kwendea kazini.

"Inakaa tu."

"Inakaa tu, na inakula umeme kuliko friji."

"Friji haina mtu wa kuitafuta," msukaji akajibu, na binti akacheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Siku ya mazishi, mzee aliyeongoza shughuli alitoa nafasi za kusema. Upande wa mume wakasimama mashemeji na mawifi, wakasema yao, wengine wakapitiliza. Kisha mzee akauliza, "Na upande wa marehemu mwenyewe, nani atasema neno?" Watu wakageuza shingo. Mtoto wa marehemu alikuwepo, lakini mtoto si upande. Mtoto ni wa pande zote mbili. Wakatafutwa ndugu, binamu, mjomba, hata jirani wa utotoni. Hakutokea mtu. Mzee akakohoa na kuendelea, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Tangu siku hiyo kitu ndani ya msukaji kilikufa ganzi. Hakulia. Alikula, alilala, alicheka wengine walipocheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayetafsiriwa mzaha. Taarifa ya msiba ni mzigo; anayeubeba hana budi kuutua kwenye mlango wa mtu. Milango yote ya upande wa baba alikuwa ameipitia. Upande wa mama haukuwa na mlango. Kwa hiyo aliendelea kuubeba, na simu aliiacha imewashwa, huenda mlango ukaja wenyewe.

Mama yake hakuwahi kusema. Akiulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Kwetu ni hapa nilipokaa." Akiulizwa watu wake, alisema, "Wako mbali," kisha anainuka kwenda kuangalia nguo kambani, hata kama kambani hakuna nguo.

Kazi ya msukaji, ile ya kila siku, haikuwa kusuka. Alikuwa dobi wa hospitali. Chumba cha kukunjia kilikuwa nyuma kabisa, kina madirisha mawili yaliyo juu kuliko kichwa cha mtu na meza ndefu iliyopigwa bati. Mashuka yalikuja yana joto la mashine. Kila shuka lilikuwa na muhuri wa wino wa buluu pembeni: namba ya wodi. Alikunja na mwenzake wa meza, wakitazamana, kila mmoja ameshika ncha mbili. Wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Mashuka mia tatu kwa siku. Mwezi wa pili, wiki ile ya msiba, mashuka ya wodi ya wanawake, alimolazwa mama yake, yalipita mikononi mwake kama kawaida. Aliyakunja. Hakutafuta muhuri. Mwenzake wa meza ndiye aliyegeuza uso.

Vikapu alivisuka jioni, uani, kwa kuwa mikono ilikuwa imezoea. Mama yake alimfundisha akiwa na miaka saba, wakiwa wamekaa wanatazamana, na tangu hapo hajawahi kusuka tofauti na alivyofundishwa.

Binti ndiye aliyeleta karatasi ya tangazo. *Warsha ya Mizizi na Mikono. Asubuhi: tafuta ukoo wako. Mchana: jifunze kazi za mikono za wazee wetu. Jumamosi sita, maktaba ya mtaa, ghorofa ya juu.* Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Anahitajika mtu anayejua kusuka vikapu.*

"Mchana utafundisha," binti akasema. "Asubuhi utakaa usikilize. Bibi hakuota kama uyoga, mama. Ana watu."

"Na nikiwapata niwaambie nini? Nimechelewa miezi minane."

"Utawaambia hivyo hivyo. Umechelewa miezi minane."

Akaenda.

Ghorofa ya juu ya maktaba ilikuwa na viti vya plastiki, feni yenye pangaboi moja lililopinda, likigonga kila linapozunguka, na ukuta mzima uliofunikwa karatasi za manila. Mratibu alikuwa msichana mwembamba aliyechomeka kalamu tatu za wino mzito kwenye nywele: nyekundu, kijani na nyeusi. Washiriki walikuwa kumi na sita. Mmoja wao, fundi viatu mstaafu mwenye tumbo la kupumzishia mikono, alimtazama yule msichana mara moja tu, akampa jina: Binti Kalamu. Mpaka saa nne kila mtu alikuwa akimwita hivyo, na yeye akiitika.

Kazi ya asubuhi ilikuwa kuchora ukoo. Kisanduku kimoja chini, chako. Viwili juu yake, baba na mama. Vinne juu ya hivyo, kisha vinane. Fundi viatu karatasi ilimwishia kabla ya chai.

"Nipe nyingine, Binti Kalamu. Babu yangu alibadilisha wake kama watu wanavyobadilisha soli."

"Mzee, hii ni ya tatu."

"Na bado hatujaingia kwa wale aliowaficha."

Upande wa kushoto wa chati ya msukaji ulijaa haraka: baba, babu, baba wa babu, mpaka mtu mmoja anayekumbukwa kwa sababu tu aliumwa na ngamia. Upande wa kulia aliandika jina la mama yake. Juu ya jina hilo visanduku vilibaki vyeupe, kimoja juu ya kingine, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

Binti Kalamu akainama juu ya bega lake. "Usijali, mama. Tutaziba," akasema, kama fundi bomba.

Mchana walisuka. Msukaji alikuwa ameloweka ukindu tangu alfajiri kwenye beseni. Akawaonyesha taratibu: vipande vinane vya ukindu, vinne vinalala juu ya vinne, msalaba. Hapo unapata mbavu kumi na sita za kikapu. Lakini kumi na sita ni shufwa, na shufwa haisuki. Ukanda unaozunguka utapita juu ya mbavu zilezile na chini ya zilezile, na kikapu hakitashikana. Lazima uongeze ubavu mmoja, wa kumi na saba, usio na mwenzake upande wa pili. Huo ndio unaofunga kazi yote.

"Sasa zungusheni. Kuelekea kushoto."

Palikuwa na mkanganyiko wa viwiko. Watu kumi na sita wa mkono wa kulia walihangaika kurudi kinyume, wakigongana kama wanaovaa koti moja.

"Mwalimu," fundi viatu akasema, jasho likimtoka, "mkono wangu wa kushoto nimeuajiri kushika kiatu tu. Hii kazi haikuwa kwenye mkataba."

"Utazoea, mzee."

"Wewe mwenyewe unatumia kulia! Nimekuona ukinywa chai."

Ni kweli. Alitumia mkono wa kulia kwa kila kitu isipokuwa vikapu. Hakuwahi kujiuliza.

Kisha ikabaki ncha ya ule ubavu wa kumi na saba, imechomoza ndani, katikati ya kitako, mkia wa urefu wa kidole. Mama mmoja akachukua mkasi.

"Usikate," msukaji akasema. "Unafungwa mafundo matatu, unaachwa."

"Kwa nini?" Binti Kalamu akauliza. Alikuwa amechomoa kalamu ya kijani.

Msukaji mwenyewe alikuwa ameuliza hivyo akiwa na miaka saba. Mama yake alimjibu, "Ndivyo kinavyoanza," akakichukua kikapu, akamgeuzia mgongo. Sasa watu kumi na saba walikuwa wakimtazama, na kalamu ilikuwa wazi ikisubiri.

"Ni desturi ya ukoo wetu," akasema.

Kwa upande wa mama hakuwahi kulitamka neno hilo, *ukoo wetu*. Lilimkaa mdomoni kama kiatu cha kuazima.

Macho ya Binti Kalamu yaling'aa. "Mafundo matatu. Waliotangulia, waliopo, na wajao. Sivyo, mama?"

"Huenda."

Jumamosi ya tatu *huenda* lilikuwa limeshadondoka njiani. Kijitabu cha warsha kilitoka, kina picha ya kikapu cha msukaji kilichopigwa kutoka juu, mkia na mafundo yake ukionekana wazi kabisa, na chini yake: *Katika ukoo wa mwalimu wetu, kila kikapu huanza kwa kuwakumbuka waliotangulia, waliopo na wajao.* Vijitabu mia mbili vikasambazwa mtaani. Msukaji alipewa kumi. Aliviweka kabatini, karibu na simu, na hakuvifungua tena. Alijua angepaswa kuona aibu. Aliitafuta ile aibu, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni, hakuikuta.

Jumamosi ya nne, mchana, wakiwa kwenye beseni, ngazi zililia polepole. Mtu alikuwa akipanda, anapumzika, anapanda tena. Akatokea bibi mmoja mfupi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni kwa mazoea ya miaka. Mkononi ameshika kijitabu, kimekunjwa mara nne.

"Shikamoo, bibi," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Msiinuke, hata mimi sijafika bado." Akajitupa kwenye kiti, akavuta pumzi. "Nimeshona sare za shule miaka arobaini, watu wananiita Bi Sare. Nimehamia kwa mwanangu mtaa huu mwezi uliopita. Mkwe wangu alikuwa anafungia vitunguu kwa hiki kijitabu." Akakikunjua kwenye goti, akakipiga kidole kwenye picha. "Nani kasuka hiki?"

"Mimi, bibi," msukaji akasema.

Bi Sare akavaa miwani, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Hapana. Wewe mdogo."

"Nimesuka mimi. Nilifundishwa na mama."

Bi Sare akanyoosha mkono, akachukua ukindu kwenye beseni bila kuomba ruhusa. Vinne juu ya vinne. Ubavu wa kumi na saba. Akazungusha, na mikono yake yenye mishipa ikaenda kushoto, haraka, bila kutazama, kama maji yanayojua mteremko. Fundi viatu akaacha kazi yake. Mizunguko mitano. Kisha bibi akaushika ule mkia na kuufunga mafundo. Moja. Mawili. Matatu. Akafunga la nne, akakiweka kitako mezani karibu na cha msukaji.

"Mimi nililala kitanda cha nne," akasema. "Mama yako alilala cha tatu."

Feni iligonga, ikagonga tena.

"Kitanda gani, bibi?" Binti Kalamu akauliza kwa sauti ndogo.

Akawaeleza, na aliwaeleza kama mtu anayesoma vipimo vya suruali. Palikuwa na nyumba ya watoto wasio na watu. Chumba kimoja kirefu cha wasichana, vitanda kumi na vinane, namba zimepakwa rangi ukutani juu ya kila kichwa. Aliyewalea walimwita Mama Mlezi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili. Vingine vilibaki kwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo alisuka kwa kushoto, akazungusha kushoto, na wasichana kumi na wanane wakajifunza kwa kutazama mikono yake.

"Hatukujua kwamba kuna upande mwingine," Bi Sare akasema. "Nilipotoka pale, nikamwona mtu anasuka kwenda kulia, nikamwambia, dada, unafumua!"

"Na mafundo?"

"Namba ya kitanda. Vikapu viliuzwa. Kikiwa kibovu kinarudi, Mama Mlezi anachungulia ndani, anahesabu mafundo, anajua nani wa kukirudia na nani wa kuchapwa."

Fundi viatu akakitazama kikapu chake kilichopinda upande mmoja kama kofia ya mlevi, akachungulia mkia wake wenye mafundo matatu. "Kumbe Jumamosi tatu namtafutia mwenzangu fimbo!"

Watu wakacheka, wakanyamaza, hawajui kama wanaruhusiwa.

"Kwa hiyo waliotangulia..." Binti Kalamu akaanza.

"Waliotangulia wapi, mwanangu? Sisi tulikuwa tunatangulia kwenye foleni ya kuoga."

Msukaji alikuwa bado ameshika ukindu wenye maji. Matone yalimdondokea kwenye kiatu. Alikuwa na swali moja tu, na alilibeba tangu mazishini.

"Watu wake ni akina nani, bibi? Mama. Watu wake."

Bi Sare akavua miwani. "Hakuwa na watu. Sote hatukuwa na watu, ndiyo maana tulikuwa pale."

"Aliyempeleka je?"

"Mwanamume mwenye baiskeli. Jina sikulisikia, na mama yako hakulisema; alikuwa na miaka minne, mtu unayemwita baba humjui jina. Alimshusha pale mlangoni, akamwambia, nakwenda kujaza upepo, narudi sasa hivi." Akayasugua macho kwa kiganja. "Kitanda cha tatu kilikuwa kinatazamana na mlango. Mama Mlezi alitaka kumhamisha, ni pa baridi, akakataa. Alilala ubavu huu, akiutazama mlango. Miaka kumi na miwili nimelala nyuma ya mgongo wake. Uso wake nimeuona mchana tu."

Msukaji alikumbuka wodi. Wauguzi walimgeuza mama yake kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, na kila wakiondoka alijivuta, akarudi kuutazama mlango. Msukaji alidhani anafuata hewa. Alikuwa ameomba dirisha lifunguliwe.

"Sasa yuko wapi?" Bi Sare akauliza, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ya msichana mdogo. Akafungua mkoba, akatoa chungio la chai la chuma, kuukuu, lenye mpini uliopinda. "Hili lake. Nililiiba siku tunaachana, nikasema akilitaka atanitafuta. Mbona hukumleta? Anaumwa miguu? Mimi pia naumwa miguu, nimepanda hizo ngazi."

Chumba kizima kikamtazama msukaji. Ukimya ulikuwa uleule wa mazishini, ule wa *nani atasema neno*. Ila safari hii aliyepaswa kusema alijulikana, na wa kuambiwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika chungio.

"Mama amefariki," akasema. "Mwezi wa pili. Jumanne asubuhi, saa moja na dakika kumi."

"Aliugua?"

"Figo. Wiki sita."

"Aliumia?"

"Mwanzoni. Mwishoni walimpa dawa."

"Mlikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nimeshika mkono."

"Mlimzika vizuri?"

"Vizuri. Watu walijaa." Akasita. "Wa upande wake hawakuwepo. Hatukujua wa kumwambia. Nimechelewa miezi minane."

Bi Sare akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Machozi yalimtoka bila sauti, yakapita kwenye mikunjo ya uso kama yanajua njia. "Pole, mwanangu," akasema.

Kwa miezi minane msukaji alikuwa amepewa pole na kila mtu: mlinzi wa hospitali, muuza mkaa, watu wa kwenye foleni. Alizipokea zote, akasema ahsante. Hakuwahi kuwa na mtu ambaye yeye angempa pole.

"Pole na wewe," akasema.

Alilitoa kama anavyotoa shuka lililokunjwa, ncha kwa ncha, na likapokelewa. Hakulia. Aliona tu kwamba mikono yake imebaki mitupu, na kwamba ukindu umeanguka chini.

Fundi viatu ndiye aliyeuokota. Binti Kalamu alikuwa amekwenda ukutani, amesimama mbele ya chati yenye visanduku vyeupe, kalamu zote tatu mkononi.

"Niandike nini?" akauliza. "Bibi nimuweke wapi?"

"Mama mdogo wake huyo, yaishe," fundi viatu akasema.

"Mzee, kwenye chati mama mdogo ni mdogo wake mama kwa damu. Mistari hii yote ni ya damu."

"Basi chati yako haijawahi kulala kwenye baridi na mtu."

"Acheni," msukaji akasema. "Acha kama ilivyo. Hivyo visanduku ni vyeupe kweli." Kisha akasema, "Nilikudanganya, mwanangu. Desturi ya ukoo. Hapakuwa na ukoo."

"Ulisema huenda, mama. Mimi ndiye niliyelifuta."

"Kabla ya huenda nilisema ukoo wetu."

Binti Kalamu akazirudisha kalamu kwenye nywele moja moja. Bi Sare alikuwa ameshaanza mzunguko mwingine. Mikono haikujua kuomboleza ikiwa imekaa bure.

"Sasa mwalimu, tuamue," fundi viatu akasema baada ya muda, akikohoa. "Sisi tusio na vitanda vya namba, mafundo mangapi? Mimi kitanda changu hakina namba, kina mke anayekoroma."

Washiriki wakasubiri. Mama mwenye mkasi naye akasubiri. Msukaji akamtazama Bi Sare, na Bi Sare akainua mabega: kazi yako hiyo.

"Matatu," msukaji akasema.

"Kwa nini matatu?"

"Ndivyo kinavyoanza."

Walipokuwa wakishuka ngazi, Bi Sare akimshika bega, bibi alitoa simu yake na kumtaka namba. Msukaji akaitaja harakaharaka, namba anayoijua kwa moyo kuliko zote, akiwa anaangalia bibi asikose ngazi. Mpaka barabarani, bibi ameshaondoka na mkwe wake, ndipo alipogundua kwamba ametaja namba ya mama yake. Akasimama kidogo, chungio la chai alilopewa na bibi mkononi. Kisha akaendelea na safari.

Jumapili mchana alikuwa anaosha vyombo, binti anafuta. Juu ya kabati simu ililia. Ililia kwa sauti yake yote, mlio wa zamani wa kengele, na sahani ikateleza mkononi mwa binti, ikashika ukingo wa beseni.

"Mama."

"Nimesikia."

Ililia mara nne kabla hajakausha mikono. Akaishika, raba ikiwa imelegea, akaiweka sikioni.

"Nilitaka kuhakikisha namba ni yenyewe," sauti ya Bi Sare ikasema.

"Ni yenyewe."

"Haya. Umekula?"

"Nimekula, mama mdogo."

Upande wa pili ikasikika cherehani ikisimama. "Jumamosi nitakuja mapema. Yule mtu wa viatu kikapu chake kimepinda, kinanikosesha usingizi."

"Njoo."

Simu ikakatika. Kwenye kioo kidogo simu iliuliza kama namba hii ihifadhiwe. Msukaji akabonyeza herufi moja moja, akikosea, akifuta, kwa sababu kitufe cha tano hakionekani. Binti akachungulia begani kwake.

"Kitanda cha Nne," akasoma. "Nani huyo?"

"Mtu wa upande wa bibi yako."

Akairudisha simu juu ya kabati, akachomeka chaji, akazamisha mikono kwenye beseni. Maji yalikuwa yameshapoa. Akamwambia binti amletee mengine ya moto.